Tulivyolichukua Kombe Takaba

Niliondoka Garissa kwa sababu Nairobi walikuwa wamesema hawaji. Mashindano ya kwanza ya kandanda ya viziwi kwa nchi za pembe hii ya Afrika yalipangwa kufanyika Takaba, Mandera Magharibi, na Kenya ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Wachezaji wa miji mikubwa walipotazama ramani na kuona Takaba iko wapi, kila mmoja akapata udhuru wake. Shirikisho likaona aibu mwenyeji akose uwanjani kwake mwenyewe, likatupigia simu Garissa: kama mna timu, vaeni jezi za taifa mwende. Timu tulikuwa nayo. Haikuwa na jina kubwa, na hakuna aliyewahi kutulipia hata kuvuka daraja la Tana, lakini ilikuwa timu.

Mimi ni mwalimu wa viziwi. Nyumbani ni Bungoma, na ndugu zangu wa huko ndio walioniomba niandike habari za safari hii, kwa kuwa hadi leo wanaamini kwamba ukiiacha Garissa nyuma hakuna kitu mbele ila mchanga na bunduki. Kazi yangu katika msafara ilikuwa kutafsiri. Wachezaji walizungumza kwa ishara, nami nikawasemea kwa Kiswahili. Watu wanaosikia wakasema kwa mdomo, nami nikayatia maneno yao mikononi. Kwa hiyo kila nitakapoandika kwamba mchezaji wetu alisema, msomaji ajue alisema kwa mikono, na alisema akaeleweka.

Nahodha, ambaye pia alikuwa kocha, ni Hassan, fundi cherehani wa mtaa wa Galbet, Garissa. Ni mrefu, ndevu zimeanza kuchanganya mvi, na anacheza beki wa kati kama mtu anayelinda mlango wa nyumba yake. Asubuhi ya kuondoka alisimama mbele ya basi letu dogo akatugeukia sote.

"Wanatupeleka kwa sababu hawana wengine," alisema. "Sawa. Sisi tunakwenda kwa sababu tutashinda."

Dereva wetu, Bashir, aliniuliza nahodha amesema nini. Nilipomweleza alitikisa kichwa, akawasha gari. "Huyu mtu siyo ya kubigana naye," alisema. Bashir ni Msomali wa Garissa, na Kiswahili chake kinabadilisha p kuwa b na v kuwa f bila kuomba ruhusa.

Hadi Modogashe barabara ilikuwa ya lami, na vijana walilala vichwa vikigonga vioo. Kuanzia hapo gari la polisi lilitutangulia, kama ilivyo kawaida ya njia hiyo, nasi tukalifuata ndani ya vumbi lake. Baada ya Habaswein nchi ilinyooka kabisa. Kulikuwa na vichuguu virefu vya mchwa, vichaka vya miiba, na swala wenye shingo ndefu waliosimama kwa miguu ya nyuma wakila majani ya juu. Wachezaji waligongana mabega na kuonyeshana. Raha ya kusafiri na viziwi ni kwamba basi zima linaweza kuzungumza kutoka mbele hadi nyuma bila mtu kupaza sauti, na kelele za injini hazimkatizi mtu.

Tuliingia Wajir jua likiwa bado juu. Ni mji wa nyumba nyeupe na visima vifupi, na maji yake yana chumvi kwenye ulimi. Hapo ndipo safari ilipotaka kuvunjika. Tayari tulikuwa tumemwacha mshambuliaji mmoja Garissa na kifundo cha mguu kilichovimba, kwa hiyo tulisafiri kumi na mmoja kamili, bila akiba. Asubuhi iliyofuata winga wetu wa kushoto aliamka na tumbo lililomkunja. Zahanati ilimtia maji ya mshipa na daktari akasema hatoki hapo wiki hiyo. Tukawa kumi, na kanuni za mashindano zilitaka timu iingie ikiwa kamili.

Hassan alikaa kwenye ngazi ya basi akitazama viatu vyake. Ndipo Bashir aliponivuta pembeni.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Bale Eldas iko mtu. Kiziwi. Siku ya soko nimeona yeye anacheza na fijana ya huko. Akishika mbira, utaona mgongo yake tu."

"Ana kitambulisho cha Kenya?"

"Sasa hiyo utauliza baba yake."

Eldas ni njiani kwenda Takaba, kwa hiyo hatukupoteza kitu. Tulifika wakati mifugo inarudi kutoka kisimani, na vumbi lilikuwa la rangi ya chungwa juu ya mji. Bashir aliuliza mara mbili tu na tukapelekwa hadi kwenye maboma nje kidogo, kwa Mzee Galgalo, mfugaji wa ngamia. Watu wa boma lile husema Kioromo, lakini mzee alikuwa amefanya biashara ya ngamia Wajir na Isiolo, na Kiswahili chake kilitosha. Alitupatia maziwa kwanza. Hakuuliza tunataka nini mpaka kila mmoja alipokuwa amekunywa.

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akimtazama mwanawe aliyekuwa akimfunga ngamia mchanga kamba. Guyo alikuwa mwanamume wa miaka kama ishirini na mitano, mwembamba, miguu mirefu, hajawahi kuingia darasa lolote. Lugha ya ishara tunayotumia sisi hakuijua. Alikuwa na ishara zake za nyumbani, ambazo baba yake na jamaa wachache walizielewa.

"Nyinyi nataka yeye kwa sababu ni kiziwi, ama kwa sababu anaweza?" mzee aliniuliza.

"Kwanza kwa sababu ni kiziwi," nilisema. "Kama anaweza, tutajua tukifika."

Mzee alicheka kimya, mabega yakitikisika. Pengine alikuwa amezoea watu wa mjini wanaoanza na sifa. Alimwita mwanawe kwa kurusha kokoto ndogo miguuni pake, kisha akaanza kuzungumza naye: alipiga teke hewani, akaonyesha upande wa Takaba, akachora bendera kifuani. Guyo alinitazama mimi, akamtazama Hassan, akaitazama jezi nyekundu aliyovaa Hassan. Akajibu kwa ishara moja ya haraka.

"Amekubali?" nikauliza.

"Anasema nani atanywesha ngamia." Mzee akainuka na kukung'uta kikoi chake. "Ndugu yangu atanywesha. Lakini hii mtoto yangu hakuna mtu kwenu anajua maneno yake. Mtamwambia nini uwanjani? Mimi nakuja pia."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka Eldas asubuhi tukiwa na winga mpya, kitambulisho chake mfukoni, na baba yake akiwa amekaa kiti cha mbele karibu na Bashir, fimbo yake katikati ya magoti.

Njia ya kwenda Takaba ilitukunja migongo. Kila basi liliposimama, vijana walishuka na mpira. Hassan alitaka kumjua mtu wake, na mazungumzo yao yalipita njia ndefu: Hassan alisema kwa ishara, mimi nikasema kwa Kiswahili, mzee akamgeukia mwanawe na kumwonyesha kwa ishara za boma. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo, na mara nyingine lilifika limechakaa. Hassan alimwambia Guyo ashike upande wa kushoto; Guyo akaenda kusimama kushoto kwa basi. Lakini alipopewa mpira na kuambiwa apite, alipita. Alimpita beki wetu wa kulia mara tatu mfululizo, na mara ya mwisho beki akaketi chini akacheka.

Takaba ilitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Maduka yalikuwa yamepakwa rangi mpya, bendera nne zilikuwa zimefungwa kwenye nguzo za uwanja, na mbuzi walikuwa wamefukuzwa uwanjani kwa muda. Tulilazwa kwenye nyumba ya mama mmoja mjane mwenye hoteli sokoni, ambaye kila mtu alimwita Eddo Fatuma, yaani shangazi. Alitutazama tukishuka, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hawa wote hawasikii?"

"Wote isipokuwa mimi, dereva na mzee."

"Basi nitakuwa nabika kwa wingi," alisema. "Mtu hasikii, lakini njaa anasikia." Na kweli alipika: anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya maziwa asubuhi, wali na nyama ya mbuzi mchana, na kila aliyetaka kuongezewa aliinua sahani tu.

Siku ya kwanza tulicheza na Djibouti. Niwaeleze kidogo mchezo huu, kwa kuwa wengi hawajauona. Ni kandanda ileile, ila refa hapulizi filimbi. Anashika kibendera mkononi, na akitaka mchezo usimame anakiinua. Wasaidizi wake wa pembeni wana vibendera vyao kama kawaida. Mchezaji lazima awe na macho pande zote, maana hakuna sauti ya kumwambia aache.

Guyo macho yake yalikuwa kwenye mpira tu. Aliotea mara nyingi, akiwapita mabeki wa mwisho kabla ya mpira kupigwa, mpaka msaidizi wa refa akaanza kumsubiri. Tulipata bao na tukakosa mengine mawili yaliyokataliwa kwa sababu yake, kisha Djibouti wakasawazisha karibu na mwisho. Sare ya bao moja kwa moja. Hassan alitoka uwanjani akitembea kwa hasira, na aliponifikia mikono yake ilikuwa inakata hewa.

"Mwambie mzee amweleze kuotea ni nini. Leo hii, kabla ya chakula."

Alasiri hiyo, uani kwa Eddo Fatuma, tulipanga vikombe vya chai juu ya mkeka. Vikombe vyenye maua vilikuwa sisi, vyeupe vilikuwa adui, na kokwa ya tende ilikuwa mpira. Hassan alisogeza kikombe, nikaeleza. Mzee akasikiliza kwa makini, akasogeza kikombe kingine, akafikiri. Guyo alitazama vikombe kama mtu anayetazama watu wazima wakicheza. Tulirudia mara nyingi. Mwishowe Mzee Galgalo aliweka fimbo chini.

"Mwalimu, mimi mwenyewe sijaelewa. Nitamwambia nini yeye?"

Nilimtafsiria Hassan. Nilitegemea akasirike. Badala yake alikaa akavitazama vile vikombe, kisha akacheka, kicheko kikubwa kisicho na aibu, na wachezaji wote wakaambukizwa. Eddo Fatuma alitoka jikoni kuona kuna nini.

"Vizuri," Hassan alisema alipotulia. "Tuache. Mwambie jambo moja tu. Yule mtu wa katikati akiinua kibendera, asimame. Asipoinua, akimbie. Mengine yote ni kazi yetu. Sisi ndio tutampa mpira kwa wakati wake."

Hilo mzee alilielewa, na mwanawe akalielewa mara moja. Aliinua kidole, akagusa jicho lake, akaashiria katikati ya mkeka. Tangu hapo Hassan alibadilika naye. Alikuwa akimtaka Guyo awe kama sisi. Sasa akaanza kuipanga timu imzunguke Guyo alivyo. Jioni hiyohiyo, kabla ya magharibi, alimpa jina la ishara, kama viziwi wanavyopeana: vidole viwili vinavyokimbia juu ya kiganja na kukivuka ukingo. Guyo alilirudia jina lake mara kadhaa, polepole, akijitazama mkono.

Mechi ya pili ilikuwa na Somalia. Tulishinda bao moja, kona ya Guyo na kichwa cha Hassan. Guyo alisimama kila kibendera cha katikati kilipoinuka, na alikimbia kila kilipokuwa chini. Watu wa Takaba, ambao siku ya kwanza walikuwa wakipiga makofi na vigelegele bure, walikuwa wamegundua kwamba wachezaji hawawasikii. Akina mama walianza kupunga mitandio, wanaume wakavua kofia na kuzipunga. Uwanja wote ulikuwa unapepea. Kipa wetu aliniambia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kushangiliwa akajua.

Siku ya fainali, asubuhi, Hassan alizigawa jezi mwenyewe, moja moja, baada ya kuzishona pale zilipochanika. Tulikuwa tunakutana na Ethiopia. Waethiopia walikuwa wamezifunga zile timu nyingine mbili bila kutokwa jasho. Walikuwa na kocha, daktari, na jezi za kubadilisha wakati wa mapumziko. Wafanyabiashara wa mjini walikuja kunipa pole mapema. Niliwajibu kwamba waje kunipa hongera jioni, na sikuwa natania. Nilikuwa nimewaona vijana wangu wakila kifungua kinywa. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Kipindi cha kwanza Waethiopia walitufunga bao safi, pasi nne na shuti la chini. Mzee Galgalo, aliyekaa nami kwenye benchi, alishika fimbo kwa mikono miwili. Wakati wa mapumziko Hassan hakutoa hotuba. Alikunywa maji, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Wamechoka kuliko sisi. Wao walikuja kwa ndege hadi Mandera, miili yao haijalizoea jua hili. Tuwakimbize." Basi tukawakimbiza. Katikati ya kipindi cha pili beki wao alimwangusha Guyo ukingoni mwa eneo la hatari, na Hassan akaupiga mpira wa adhabu juu ya ukuta wa watu hadi kona ya lango. Tukawa sare, bao moja kwa moja.

Lililofuata nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Mchezo ulikuwa unakaribia kwisha. Hassan alikata pasi ya Waethiopia na kuurusha mpira mrefu kushoto. Msaidizi wa refa upande ule aliinua kibendera, akidhani Guyo ameotea. Mabeki wa Ethiopia wakakiona, wakasimama. Wachezaji wetu pia wakasimama, hata Hassan, kwa sababu wachezaji wote wenye uzoefu hutazama pembeni. Lakini refa wa katikati alikuwa ameona vizuri kwamba beki mmoja wa Ethiopia alikuwa karibu na lango kuliko Guyo. Kibendera chake kilibaki chini.

Uwanja mzima mtu mmoja tu alikuwa anamtazama yeye. Guyo aligeuza kichwa mara moja, akamwona refa na mkono wake uliolala pajani, akaendelea kukimbia. Kipa wa Ethiopia alitoka akiwa amechelewa. Guyo alimzunguka kama mtu anayezunguka shimo, akausukuma mpira wavuni, kisha akageuka tena kumtazama refa kuhakikisha.

Refa akaelekeza kidole katikati ya uwanja. Bao.

Waethiopia walimzunguka refa, kama ambavyo sisi tungefanya. Yeye akamwita msaidizi wake, wakazungumza, msaidizi akakubali kwamba alikosea na akashusha kibendera. Nahodha wa Ethiopia, mtu mpole mwenye kovu kwenye nyusi, aliwaondoa wenzake. Muda uliobaki walitushambulia kwa nguvu zao zote, na kipa wetu akadaka mpira mmoja ambao hata sasa sijui aliufikiaje. Kisha kibendera cha katikati kikainuliwa na kubaki juu, na ilikuwa imekwisha.

Mzee Galgalo hakuinuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakujishughulisha kuyapangusa. "Alitazama," aliniambia. "Umeona? Alitazama kwanza." Nahodha wa Ethiopia alimfuata Guyo, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia kitu kwa ishara za kwao ambazo hata mimi sikuzifahamu. Guyo alionekana amefahamu.

Asubuhi iliyofuata tulianza kurudi, kombe likiwa kwenye kiti cha mbele alipokuwa amekaa mzee, na mzee akiwa amelipakata. Njiani Hassan alimwomba Guyo aje Garissa. Alimwahidi mahali pa kulala, kazi dukani kwake, mazoezi kila siku. Maneno yakapita kwangu, yakapita kwa baba yake. Guyo alifikiri hadi tulipoyaona maboma ya Eldas, kisha akajibu, na mzee akatafsiri kwa sauti iliyokuwa na furaha aliyojaribu kuificha.

"Anasema ngamia yake ni mingi. Lakini mechi ikiwa, mpige simu kwangu, anakuja."

Hassan alimpa mkono, na jezi. Tukamwacha anapoishi, akiwa na alichokitaka. Wajir tulimchukua mgonjwa wetu, ambaye alikuwa amepona na alikuwa na hasira na sisi sote kwa kushinda bila yeye. Garissa tulifika mchana, na kutoka darajani hadi Galbet watu walitembea mbele ya basi hata Bashir akachoka kupiga honi. Shirikisho lilituma salamu na kuuliza timu hii imetoka wapi.

Swali hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Imetoka hapahapa. Nimejifunza kwamba nchi huwakilishwa na wale wanaokubali kupanda basi, na kwamba timu hujengwa siku ile inapoacha kumlazimisha mtu awe mwingine, ikamuuliza anaweza nini. Wale wa Bungoma wanaoniuliza kama siogopi huku, nawaambia njooni mwone. Barabara ni mbaya, watu ni wazuri.

Wiki chache baadaye nilikuwa ninafundisha nilipoona watu watatu wamesimama getini mwa shule yetu. Mmoja alikuwa Mzee Galgalo, na fimbo yake. Pamoja naye alikuwa mwanamke nisiyemjua, jirani yake wa Eldas, amemshika mkono binti yake wa miaka kama saba. Mtoto alikuwa anaitazama midomo yetu kwa zamu, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu hachezi mpira," alisema mzee. "Mama yake alikuwa anamficha nyumbani. Nimemwambia shule iko, na mwalimu yake mimi namjua."

"Karibuni ndani," nikasema.

"Mimi nitakaa hapa kidogo," alisema, akitafuta kivuli cha ukuta na kuketi. "Mpaka akuzoee wewe. Akishaona macho yako hayana haraka, nitarudi kwa ngamia."

Nikachuchumaa mbele ya mtoto ili tuwe sawa kwa urefu, nikasubiri anitazame.